Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mji: Maji hayakualikwa kwenye mkutano wa wadau

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa heshima zote, kwa kuwa barua niliyoipeleka masjala ilipigwa mhuri wa kupokelewa na tangu hapo haijajibiwa.

Mpango Kabambe wa mji wetu sina haja ya kukueleza, saini yako ndiyo iliyo mbele. Nitakueleza habari ya maji.

Mashine yangu ya kusaga ipo upande wa chini wa korongo. Mtoto yeyote wa mtaa huu atakuonyesha korongo lilipo: kiangazi ni uwanja wa mpira, masika halivukiki. Kwenye ramani yenu halipo. Mahali pake pamepakwa rangi ya eneo la biashara, pakapimwa viwanja, vikauzwa, kikamwagwa kifusi, ukuta ukapanda. Maji hayakupewa taarifa ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Mvua ilipokuja yakatafuta njia nyingine, yakaupata mlango wangu. Mota ikazama. Fundi akaisuka upya, mvua iliyofuata ikaizamisha tena. Mahindi ya wateja yaliyokuwa yakisubiri kusagwa yaliota ndani ya magunia, nami nimeyalipa.

Nilipokwenda kwa watu wako wa mipango miji niliambiwa wananchi walishirikishwa. Nikaletewa ushahidi: muhtasari wa mkutano wa mtaa na karatasi ya mahudhurio, jina langu likiwemo. Saini ni yangu kweli. Lakini mkutano ule, Ndugu Mkurugenzi, uliitishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi na mchango wa choo cha shule. Hakuna ramani iliyofunguliwa pale, wala neno korongo halikutajwa. Tulisaini kwamba tumefika. Ofisi yako ikasoma kwamba tumeridhia.

Mkutano wa wadau nao ulikuwepo, nasikia, katika ukumbi wa hoteli, siku ya kazi, pamoja na chakula cha mchana. Walioalikwa wanakaa mlimani. Hakuna mvua iliyowahi kumtoa hata mmoja wao kitandani usiku, basi nani angeuliza maji yatapita wapi?

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wenye ardhi, taasisi na vikundi vya jamii wajadili mpango, kisha uwekwe wazi watu waukague. Mkabandika tangazo kwenye ubao wa makao makuu, ndani ya geti, ambako mtu huingia kwa kuandika jina kwa mlinzi na kueleza shida yake. Halafu jirani zangu walio kando ya mto wanakumbushwa kila mwaka zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, ambamo hairuhusiwi kujenga kando ya mto. Kumbe mita hizo hupimwa kwa mwenye kibanda tu. Mwenye ukuta hupimiwa kiwanja.

Mpango huohuo umeikata njia yetu ya makaburini. Umeisukuma stendi mbali na soko. Hayo wenzangu watayasema. Mimi narudi kwenye maji, kwa sababu kulijua korongo hakukuhitaji mshauri mwelekezi wala picha za angani. Kulihitaji kumuuliza mama anayeuza maandazi pale darajani.

Wengine wameuliza. Ireland, mwaka 2016, walipata wananchi 99 wa kawaida kwa njia ya bahati nasibu, wakawakalisha na wataalamu wikiendi kadhaa, na suala gumu kuliko viwanja, la utoaji mimba, likafika kwenye kura ya maoni mwaka 2018. Kama Ulaya ni mbali, Mukuru ni hapo Nairobi. Mwaka 2017 eneo lile la mabanda lilitangazwa kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi wakajadili wao wenyewe, makundi kwa makundi, habari ya njia, maji na vyoo vyao. Sisi tuna mkutano mkuu wa mtaa, wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, tayari upo kisheria. Mmeugeuza kiwanda cha saini.

Ninachotaka ni hiki. Ujenzi juu ya korongo usimame hadi mpango urudishwe mtaani, ramani ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, mpimaji awepo ajibu maswali. Kisha liundwe baraza la wakazi, majina yachomolewe kwenye daftari la kila mtaa, wapangaji wa vyumba wakiwemo, maana mji huu wamejaa wao na hakuna mpango unaowahesabu. Likipendekeza jambo nanyi mkalikataa, mtupe sababu kwa maandishi. Na mota yangu ilipwe.

Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yaende kwa wananchi. Kwetu yamekwenda maji. Mnapima bila kuuliza, mnauza bila kutangaza, mkiulizwa mnatoa karatasi ya mahudhurio.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaga nafaka, mtaa wa chini ya korongo

Nakala: Diwani wa Kata, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliuona mpango huu siku ya kuupitisha.