Aliyefiwa Hanang Aachwe Alie

Ndugu yangu ameandika kwamba muumini aliyekomaa haombolezi, na kwamba kumwendea mshauri wa afya ya akili baada ya msiba ni upungufu wa imani. Angesimama mjini Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, siku tope, magogo na mawe ya Mlima Hanang yalipoparamia nyumba na kuua watu zaidi ya 80, maneno hayo angemwambia nani? Mzazi anayefukua tope kwa jembe akimtafuta mwanawe?

Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na kitabu chake hakikuondolewa kwenye Biblia. Wairaqw wa Mbulu nao wana slufay: mzee hutamka dua, umati ukaitikia. Nguvu ya dua hiyo hutoka kwenye koo za wengi, si kwenye kukaza meno peke yako. (Nani aliyewadanganya watu kwamba macho makavu ni utakatifu?)

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway miaka ya 1950, husali na pia hutibu kifafa na magonjwa ya akili. Nayo haina imani? Ajibu hilo kwanza, ndipo awapelekee wafiwa mahubiri yake.