Tahariri ni Neno la Nani?

Bwana mmoja mkaazi wa Kware, upande wa mashariki wa Nairobi, ametuletea swali ambalo yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Auliza: tahariri ni neno la nani, maadam chini yake hapana jina la mtu?

Desturi ya kazi hii ni kwamba habari hueleza jambo lililotokea, na makala hubeba jina na maoni ya aliyeiandika. Tahariri ni shauri la gazeti lenyewe, kwa hiyo haitiwi sahihi. (Ndiyo sababu mwandishi wake husema "sisi" hata akiwa peke yake na kikombe chake cha chai.) Siku nyingine desturi hii huleta nguvu kubwa. Tarehe 3 Januari 2008, watu walipokuwa wakiuawa baada ya uchaguzi, magazeti ya Kenya, ambayo ni washindani katika biashara, yalichapa kichwa kimoja katika kurasa zao za mbele, kusihi nchi iokolewe. Hapana aliyeuliza nani ameandika.

Lakini bwana wetu ameona penye shida. Henry Muoria, gadi wa reli aliyeanzisha gazeti la Kikuyu, Mumenyereri, mwaka 1945, alijulikana kuwa ndiye mwenye maneno yake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, gazeti lilipigwa marufuku naye yuko London. Akafanya makao huko mpaka kufa kwake mwaka 1997. Yeye alisema, yeye akalipa.

Sasa tazama tarehe 2 Januari 2016. Gazeti la Saturday Nation lilitoa tahariri likimwambia Rais Uhuru Kenyatta waziwazi ajirekebishe katika kazi yake. Haikuwa na jina. Hata hivyo mwezi ule ule mhariri Denis Galava alisimamishwa, kisha akaachishwa kazi. Wakubwa walisema utaratibu wa ofisi haukufuatwa. Utaratibu ni kitu chema, wala hatuudharau. Ila ikiwa neno lilikuwa la gazeti zima, mbona alilipa mtu mmoja? Twaona kwamba gazeti likishalitoa neno bila jina, halina haki ya kulitafutia jina siku mkubwa akikasirika.

Swali lake la pili, kwa nini barua za wasomaji hukatwa zikawa fupi, tutalijibu juma lijalo.