Mashine Isimnyamazishe Mzee
Mwanafunzi wa Kitui au Makueni anayeandika historia ya ukoo wake leo aweza kuiomba akili unde imnyooshee insha. Hilo si kosa. Chombo hicho husahihisha sarufi na kupanga aya. Hata hivyo, wazee wa Ukambani wamezoea kuhesabu miaka kwa majina ya njaa, kama ile ya Ngomanisye ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Mashine isiyolijua jina hilo huweza kulifuta, au ikabuni tarehe, na ushahidi wa ukoo ukapotea. Twawasihi walimu wadai kwanza maneno ya mzee yaliyonakiliwa jinsi alivyoyatamka, ndipo insha isahihishwe. Nyanya akishatutoka, hakuna mashine iwezayo kumhoji.