Mheshimiwa Waziri, Kabla ya Kuhesabu Ekari, Vuka Uende Ukara

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,

Nakuandikia kutoka Mkuyuni, Mwanza, ambako mchicha na chainizi hulimwa penye upenyo kati ya mawe, nyumba na ziwa. Huku tunahesabu matuta. Kwenye hotuba za kilimo, hasa tangu mpango wa serikali wa mashamba ya vijana, BBT, uanze, nasikia maelfu ya ekari, na moyo wangu unaingiwa na hofu.

Mfano tofauti na huo uko jirani, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Taifa lilisikia jina lake Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka na kuua watu zaidi ya 200. Kisiwa hicho kinastahili kujulikana kwa jambo jingine pia. Wakara walibanana mno hata ardhi haikuweza kupumzishwa. Wakafuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakabeba samadi hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakayafukia yangali mabichi yarutubishe udongo. Miteremko wakaizuia kwa kuta za mawe. Haya yaliandikwa tangu 1936, katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records.

Miaka 11 baadaye Waingereza, waliokuwa wakitawala Tanganyika, wakapeleka matrekta Kongwa, Dodoma. Walitaka ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, pauni takribani milioni 36 zimeteketea.

Sisemi udogo wa shamba ni baraka. Kazi ya Ukara ilikuwa ya kuvunja mgongo, na Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, wengi waliacha kubeba samadi. Mtu hutunza udongo pale anapoona jasho lake linalipa, na anapojua kipande kile ni chake hata mwakani. Mkulima mdogo anayelima kwa kubahatisha, bila samadi wala ushauri, naye huchosha ardhi. Mvua ikinyesha, udongo wa vilima vya Usukuma huteremka na mito hadi ziwani, na rutuba tuliyoipoteza hulisha magugu maji.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa: wizara ipime magunia kwa ekari, na ipime udongo uliobaki baada ya mavuno. Afisa ugani apewe usafiri amfikie mwenye nusu ekari. Mwenye kipande apewe hati yake. Na kabla hujatia saini shamba kubwa jingine kandokando ya ziwa hili, panda kivuko pale Bugolora, Ukerewe, uende Ukara ukazungumze na wazee.

Mkulima wa mboga,
Mkuyuni, Mwanza