Ukombozi unaolipiwa Kasongo

Tangu Desemba 2023, Corneille Nangaa na muungano wake wa AFC, bega kwa bega na waasi wa M23, wanawaambia Wakongo kwamba utawala wa Félix Tshisekedi ni wa kidikteta na lazima uondoke. Goma iliingia mikononi mwao Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Kabambare, jirani ya Kasongo kusini mwa Maniema, inapakana na Fizi ya Kivu Kusini, kwa hiyo kule maneno haya hayasikilizwi kama habari za mbali. Wapo watu makini, si wapiga debe, wanaosema: vita ni vibaya, lakini dikteta naye anaua; tupime, na ikibidi tukubali kulipa leo ili watoto wetu wasilipe kesho. Kupima nakubali. Ninachokataa ni mizani yenyewe, kwa sababu inahesabu maiti za siku ya kuteka mji na kufunga daftari jioni ile dikteta anapopanda ndege. Kwa Maniema ya kusini, daftari hilo lingefungwa kabla wafu wengi hawajafa.

Tuanze na vita vilivyosifiwa kuwa vya bei nafuu. Mobutu Sese Seko aliishika nchi tangu Novemba 1965, na sina la kumtetea: aliifilisi Zaïre, aliwaua wapinzani, na tarehe 16 Februari 1992 askari wake waliwamiminia risasi Wakristo walioandamana Kinshasa kudai mkutano wa kitaifa ufunguliwe tena. Oktoba 1996 AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, ikibebwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, ilianza safari kutoka Kivu. Tarehe 17 Mei 1997 ilikuwa imeingia Kinshasa. Miezi saba tu, na miji mingi iliwapokea kwa vigelegele. Hata hapo kulikuwa na kurasa zilizorukwa: wakimbizi Wahutu waliouawa Tingi-Tingi, kaskazini mwa Maniema hii hii, na watoto waliovishwa sare tukawaita kadogo, neno la nyumbani la kumbembeleza mtoto lililogeuzwa jina la askari. Lakini ukurasa mrefu ulikuwa bado kuandikwa. Waliomwangusha Mobutu hawakuja kwa sababu ya mtu wa Kasongo. Walikuja kwa mahesabu yao ya usalama na mali, na mkuu wa jeshi la Kongo mpya akawa ofisa wa Rwanda, James Kabarebe. Mwishoni mwa Julai 1998 Mzee Kabila aliwaamuru askari wa Rwanda waondoke. Tarehe 2 Agosti vita vya pili vikawaka kwa jina la kundi jipya la waasi, RCD, na kosa alilosomewa Kabila lilikuwa lile lile la Mobutu: amekuwa dikteta. Kindu, mji mkuu wa Maniema, ilianguka Oktoba. Kasongo na Kabambare nazo zikawa chini ya RCD mijini, huku wanamgambo wa Mai-Mai wakishika vijiji, na mwananchi akibaki katikati, kila upande ukimshuku kuwa ni wa upande wa pili.

Madaktari wa dunia waliijua Kasongo kwa jambo jema. Kuanzia miaka ya 1970, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp na wauguzi wa huko walijenga mtandao wa vituo vya afya vijijini, na mwaka 1981 wakachapisha utafiti wao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo wa Kasongo. Pale pale ndipo palipofanyiwa kazi swali la nini kinamwokoa mtoto wa kijijini: sindano inayofika kwa wakati, vidonge vya malaria, muuguzi ambaye hajakimbia. Vita havikuhitaji kumlenga mtoto huyo. Kukata njia kulitosha. Itazame baiskeli ya mchuuzi wa Maniema: fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, madumu ya mafuta ya mawese yananing'inia huku na huku, naye haipandi, anaisukuma kwa miguu siku nyingi msituni, ili arudi na chumvi, sabuni na dawa. Baiskeli hiyo ikinyang'anywa kwenye kizuizi cha wenye bunduki, hakuna atakayeandika kwamba kuna mtu ameuawa. Lakini kuna nyumba ambamo homa ya usiku ule haitapata kidonge.

Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 Kongo ilipoteza watu milioni 5.4 zaidi ya ambao wangekufa siku za kawaida. Waliouawa kwa silaha hawakufika mmoja katika kumi. Waliobaki walikufa kwa malaria, kuhara, kichomi na njaa, na karibu nusu ya wafu wote walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wataalamu wengine wameipinga hesabu hiyo, wakisema kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumiwa kulinganishia kilikuwa cha chini mno. Hoja yao ni ya haki. Lakini ipunguze idadi hiyo kwa nusu, kisha kwa nusu tena: bado ni zaidi ya milioni moja, na bado wengi wao hawakuonja risasi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba hata udikteta huua kimyakimya. Ni kweli. Hospitali za Zaïre zilikuwa zimeoza kabla risasi ya kwanza haijalia, na mama aliyekufa akijifungua mwaka 1990 kwa kukosa damu ni mfu wa Mobutu. Anayepinga vita bila kumhesabu mama huyo anadanganya. Lakini vita havikukirekebisha kituo kile alichofia. Viliondoa hata kidogo kilichokuwa kimebaki, na kazi ya kumwondoa mtawala ikawa kazi isiyoisha, kwa kuwa kila aliyeingia kwa bunduki alimfundisha anayemfuata njia ya kupita. Wengine watanikumbusha Tanzania na Idi Amin. Mfano huo nauheshimu: Amin ndiye aliyevamia Kagera mwaka 1978, Tanzania ilijibu, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na Watanzania wakarudi kwao. Hata hivyo Waganda wa Luwero, waliozikana katika vita vya miaka ya 1980, wana haki ya kuuliza kama kuondoka kwa Amin kuliwafikishia amani.

Na Kasongo iliusikia wimbo huu wa ukombozi zamani zaidi. Jeshi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji lilipouteka mji huo Aprili 1893 lilisema limekuja kuwaondoa wafanyabiashara wa watumwa, na biashara hiyo ilikuwa ukatili wa kweli. Gongo Lutete, aliyewahama Waarabu waliofanya biashara hiyo akapigana upande wa jeshi hilo, alipigwa risasi na maofisa wa jeshi hilo hilo kabla mwaka haujaisha. Baadaye ikaja kazi ya kulazimishwa ya kugema mpira.

Linabaki swali la nini kingefanyika badala ya vita dhidi ya Mobutu, na hapa watu huniambia ni rahisi kusema leo. Lakini Agosti 1996, miezi miwili kabla ya AFDL kutangazwa, Mobutu alipasuliwa saratani ya tezi dume huko Lausanne, na dunia nzima ilijua. Mkutano wa kitaifa ulikwisha kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mwaka 1992, na hata kama Mobutu aliuvuruga, uliacha vyama, makanisa na watu waliozoea kudai bila bunduki. Huenda majenerali wangejaribu kumrithi. Huenda damu ingemwagika Kinshasa. Sidai kwamba ingekuwa rahisi. Ila mtawala ambaye vita vilipiganwa kumwondoa alikuwa tayari anakufa. Alifia Rabat tarehe 7 Septemba 1997, siku 113 baada ya Kinshasa kutekwa. Jeshi la Rwanda, lililokuja kumwondoa, lilianza kuondoka Kindu Septemba 2002.