Muuza Sharubati na Kisima

Kipindupindu kinapozuka, vinywaji vya njiani huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kupigwa marufuku. Hatuipingi hatua hiyo. Uhai wa watu hauwekwi rehani kwa bilauri ya maji ya miwa. Tunalouliza ni hili: marufuku ikishatangazwa, ni nani anayekwenda kukitazama kisima?

Katika London ya zama za Malkia Victoria wauza vinywaji walijaa njiani. Mwandishi wa magazeti Henry Mayhew, katika kitabu alichokitoa mwaka 1851, alieleza habari za wauza kahawa waliohudumia vibarua kabla ya alfajiri, wauza maziwa bustanini, na wauza kinywaji cha tangawizi kilichotiwa chupani. Walikuwa watu wa mtaji mdogo, na maji waliyateka pale pale walipoteka majirani zao.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliushukia mtaa wa Soho kwa kishindo, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alipopeleleza, aliona kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu ya Broad Street. Akaandika pia kwamba maji hayo hayo yaliuzwa katika viduka, yakitiwa kijiko cha unga wa kutoa povu, na kuitwa sharubati. Jina ambalo Waingereza walilichukua Mashariki, kama tulivyolichukua sisi. Lau sharubati ile ingemwagwa na mwenye duka akatozwa faini, pampu ingebaki pale pale na maji yake. Tarehe 8 Septemba wakuu wa parokia waliuondoa mpini wa pampu. Kweli, maradhi yalikuwa yamekwisha kuanza kupungua. Lakini uchunguzi wa baadaye ulilifichua shimo la uchafu la nyumba ya jirani, lililokuwa likivujia kisimani. Mwaka 1859 watu wa hisani wakaanza kujenga mabomba ya maji safi ya bure njiani, la kwanza likiwa Holborn.

Muuza sharubati wa Visiwani naye hana kisima chake. Kumwondoa ni kazi ya asubuhi moja. Kuzuia choo kisivujie kisimani ni kazi ya fedha na miaka, na ndiyo maana huahirishwa.

Tunawaomba wakuu wa afya na mabaraza ya miji, siku watakapotoa amri ya kuziondoa meza za vinywaji, watangaze siku hiyo hiyo matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa unaohusika, na tarehe ambayo mwenye meza ataruhusiwa kurudi.