Mdaiwa naye asikilizwe

Tanzania ukishitakiwa kwa deni la hundi au rehani kwa utaratibu wa Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, hujitetei mpaka mahakama ikupe ruhusa. Ukiikosa, unahesabiwa umekubali madai yote.

Mwaka 2008 kamba ilikazwa zaidi. Kwenye rehani, ruhusa hutoki nayo mpaka uonyeshe mkopo hukuchukua, au kinachodaiwa umeshakilipa. Na aliyepachikiwa riba nje ya mkataba, aende wapi?

Benki husema wakopaji wakorofi hutumia kesi kuvuta muda. Wapo, tunawajua! Lakini Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, haikuwabagua wenye madeni. Bunge liongeze sababu ya tatu: mgogoro wa hesabu.